Kidole Kidogo Nyuma ya Mgongo

Enzi zetu, jogoo akionekana anatembea bila mkia, mama hakupoteza muda kumlaumu mwewe. Aliita watoto. Na mtoto akiitwa hakuitika kama hawa wetu wa siku hizi, ambao husema "What?" na bado hawajainua mgongo kwenye kochi. Mama yangu alilelewa Mombasa, kazi ya reli ilikompeleka babu, na hata alipoolewa Nakuru alizibeba adabu za pwani pamoja na masanduku yake. Ukiitwa unasema "Abee," na mguu mmoja tayari uko njiani. "Abee ya kukaa si abee," alikuwa akituambia. Basi nami niliitika huku nakwenda, manyoya ya jogoo nimeyaficha ndani ya sweta, yakinichoma tumbo.

Manyoya hayo yalikuwa na kazi. Tulikata kipande cha gunzi la mahindi, tukakitoboa kwa msumari, tukayachomeka manyoya kuzunguka, na hapo kinyoya cha kuchezea kikawa tayari. Raketi zilikuwa vibao vya kreti za matunda. Wavu wetu ulikuwa kamba ya nguo ya Mama Tabitha, na kwa kuwa mara nyingi shuka zilikuwa bado zimeanikwa, tulijifunza mapema kupiga juu. Vitabu huuita mchezo huo mpira wa vinyoya, yaani badmintoni. Sisi tulikuwa hatujawahi kumwona binadamu akiucheza, ila Tabitha alikuwa ameuona kwenye kalenda ya kinyozi.

Tabitha, niliyemwita Tabi, alikuwa jirani yangu wa ua kwa ua. Mama yake alikuwa muuguzi mwenye zamu za ajabu ajabu, kwa hiyo mtoto alishinda kwetu, akila ugali wetu na kuchapwa pamoja nasi bila ubaguzi. Hakuwa na ndugu. Mimi nilikuwa nao, lakini walikuwa wavulana wakubwa ambao kwao nilikuwa inzi tu. Jina langu ni Wanjiru, na Tabi ndiye aliyeanza kuniita Shiro, mpaka mama naye akalizoea. Alikuwa akilipaza juu ya ua asubuhi na mapema, kabla hata chai haijachemka, "Shirooo," na mimi naitika nikiwa nimeshafika langoni.

Upepo wa Nakuru ndio uliotuingiza ndani. Mchana ukivuma, kinyoya cha gunzi unakipiga kuelekea kwa mwenzio nacho kinarudi kukusalimia. Mwalimu Gitau, karani mstaafu wa reli aliyetufundisha shule ya Jumapili, alituona tukihangaika akatufungulia ukumbi wa kanisa. Ndani ya stoo mlikuwa na raketi za kweli zilizoachwa na watu wa zamani, nyuzi zimelegea, vishikio vinanuka panya. Hata leo nikisikia harufu ya nta ya sakafu iliyochanganywa na mafuta ya taa, viganja vyangu hujikunja vyenyewe. Mwalimu alituchorea mistari kwa chaki na kutufundisha kucheza wawili wawili, yeye na mke wake wakiwa wapinzani wetu. Mke wake alicheza na kanga kiunoni, na alitushinda vibaya sana.

Mwalimu hakuwa na maneno mengi, ila alikuwa na hili moja: "Mkono wenye raketi ni wako. Huo mwingine ni wa mwenzako." Alimaanisha kwamba anayeanzisha mchezo amtaarifu aliye nyuma yake, kwa siri, anapiga fupi au ndefu. Ikiwa fupi, wa nyuma abaki nyuma. Ikiwa ndefu, aje haraka asimame ubavu kwa ubavu na mwenziwe, maana shambulio linakuja na mtu mmoja hawezi kulizuia.

Ishara tulikuwa nazo tayari, tena tulizipata kanisani. Katika kwaya ya watoto Tabi alisimama mstari wa mbele, mimi nyuma yake kabisa. Tulikuwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye, akiomba na miwani yake usoni, alimaliza upesi. Lakini akiivua, ujue ameamua kuizunguka dunia nzima: wafalme, wajane, mabaharia, na mvua ya mwaka ujao. Tabi, aliyeomba jicho moja likiwa wazi, ndiye aliyekuwa mlinzi. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo kama ya mtoto mwema. Kidole kidogo kikikunjwa, sala ni fupi, usianze kucheka. Kikinyooshwa, mzee amevua miwani, tafuta mahali pa kuegemea. Tulizipeleka hivyo hivyo ukumbini. Kidole kimekunjwa, fupi. Kimenyooka, ndefu. Mke wa mwalimu hakutushinda vibaya tena baada ya hapo, na kwa miaka ile yote nilikuja kuujua mgongo wa Tabi kuliko nilivyoujua uso wake.

Kisha mama yake akapata kazi Uingereza. Sisi watoto tuliambiwa siku mbili kabla, kama ilivyokuwa desturi ya enzi zetu, maana mtoto alikuwa mtu wa kuambiwa jambo likishakuwa. Gari lilikuja, masanduku yakapakiwa, majirani wakaomba. Tabi akaenda kuingia bila kugeuka, kwa sababu angegeuka angelia. Lakini mkono wake wa kushoto ulipita nyuma ya mgongo, na kidole kidogo kilikuwa kimenyooka.

Nilijua maana yake. Nije nisimame ubavuni. Nilikuwa nimeshaanza kwenda, na mama akanishika bega.

Habari zake zilitufikia kwa barua za Mama Tabitha, halafu kwa magazeti, halafu kwa simu hizi zetu. Alianza kwenye timu ya shule. Akachaguliwa timu ya vijana, kisha siku moja tukasikia amevaa jezi ya Uingereza yenyewe. Pale kanisani ubishi ulizuka, watu wakitaka kujua kwa nini asiichezee Kenya. Mama yangu aliukata kwa sentensi moja, kwamba Kenya ilimpa kamba ya nguo, naye ameirudisha ikiwa kavu, hana deni. Tabi alizunguka dunia nzima kama zile sala za mzee. Alipata medali ya shaba kwenye mashindano makubwa ya mataifa, akavunjika goti, akapasuliwa, akarudi uwanjani wengi wakiwa wameshamkatia tamaa. Mimi katika miaka hiyo nilisomea uuguzi, nikaolewa, nikaja Minnesota, nikazaa, nikafiwa na mume. Barua zilikuwa zimeshakoma zamani. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ni vile maisha yalivyo.

Ninaishi Crystal, mji mdogo wa hapa Minnesota, katika nyumba ndogo yenye njia ya gari ambayo theluji huipenda kuliko za majirani. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee. Kule naitwa Jane, kwa kuwa ndilo jina lililo kwenye beji. Kanisani naitwa Mama Neema. Mtu wa mwisho kuniita Shiro alikuwa mama, kwenye simu, na tangu tumzike sijalisikia. Hilo ndilo nililokuwa sijaambiwa kuhusu kuzeeka ugenini. Watu wanakupenda, wanakuletea chapati ukiugua, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukuona ukiwa na magoti yenye vumbi. Ukisimulia utoto wako wanakuamini kwa heshima tu, na ukiongeza chumvi hakuna wa kukukatiza. Nimemiss kukatizwa.

Asubuhi moja ya theluji, nikisubiri barabara zisafishwe, nilikuta kwenye simu mahojiano ya Tabi akitangaza kustaafu. Alikuwa na mvi mbili tatu na kicheko kile kile. Wakaonyesha mechi zake za zamani, kamera ikiwa nyuma. Mgongo nikautambua kabla ya jina. Mbele yake wavu, nyuma yake msichana wa Kiingereza mwenye nywele za rangi ya mahindi, na katikati yao ule mkono wa kushoto, kidole kidogo kimenyooka. Yule msichana akaja mbio akasimama ubavuni.

Nitasema ukweli, niliona wivu. Mtu mzima mwenye dawa za kolesteroli kabatini, nimesimama jikoni, nimenunia kidole.

Mtangazaji akamuuliza Tabi ishara ile aliitoa wapi. Akajibu kwamba aliipata kanisani. Mtangazaji akacheka sana, akidhani ni mzaha, akaenda kwenye swali la goti. Tabi akafungua mdomo kama anayetaka kueleza, kisha akaacha. Katika dunia nzima aliyemwelewa alikuwa mimi, na mimi nilikuwa Crystal, nimeshika kikombe cha chai iliyopoa.

Binti yangu Neema alipokuja Jumapili kutoka Woodbury, nilimwonyesha. Nikamweleza habari za jogoo, mzee na miwani, yote. Neema ni mtoto mzuri na Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza, kama mtu anayepokea mgeni mlango wa mbele na kumtolea chakula dirishani. Aliangalia kidogo, akatabasamu.

"But Mum, every team does that," akaniambia, kisha akainuka kwenda kulipasha gari lake joto.

Hakuwa na ubaya. Kila timu hufanya hivyo, ndiyo. Ningemwelezaje kwamba ile ilikuwa yetu, na kwamba kama si yetu basi sijui utoto wangu umebaki wapi?

Juma lile nikatafuta raketi. Watu wa hapa wakisikia badmintoni hufikiri ni mchezo wa kuchezea nyasini huku nyama inachomwa, lakini iko jimu moja si mbali na kwangu ambako huja vijana wa Kihindi wanaofanya kazi za kompyuta Eden Prairie, nao hawana mchezo. Walinipokea vizuri, wakaniita auntie, wakanipanga na kijana mmoja mpole. Ilipofika zamu yangu ya kuanzisha, mkono wangu ulikwenda nyuma wenyewe. Kidole kikanyooka. Nikapiga ndefu, nikasogea upande wangu, na upande wa pili haukuwa na mtu. Kinyoya kikatua hapo taratibu. Kijana akaniomba radhi, akaniambia kwa adabu kwamba wao husema kwa mdomo.

Nikakaa kwenye benchi kunywa maji, na hapo wivu ukaniishia. Niliona jinsi ilivyokuwa. Msichana mdogo katika ukumbi baridi wa Uingereza anaweka kidole nyuma ya mgongo, na aliye nyuma yake hajui hata aangalie. Mchezo baada ya mchezo upande wa pili mtupu, mpaka ikabidi amfundishe mtu. Tabi hakuigawa siri yetu. Alikuwa anatafuta wa kuisoma.

Niliporudi nyumbani nikafungua ukurasa wake wa mtandaoni. Maelfu ya watu walikuwa wamemwaga pongezi kwa Kiingereza, mioyo na makofi. Mimi sikuandika jina langu la Nakuru, wala kujieleza. Ukurasa wangu una picha ya maua na jina Jane, kwa hiyo asingenijua hata angetaka. Niliandika maneno matatu tu: "Mzee amevua miwani." Mtu mmoja chini yake akauliza hiyo ni lugha gani. Mwingine akaitafsiri kwa mashine na kuuliza ni mzee yupi, anahitaji msaada?

Siku zikapita. Nilikuwa nikiangalia simu kazini kama hawa vijana ninaowasema, mpaka bibi mmoja ninayemhudumia akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikajiambia ana watu wengi. Nikajiambia pia kwamba huenda amesahau, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana akisahau yeye, basi ukumbi ule na wale watoto wawili nimebaki nao peke yangu, na siku nikiondoka watakuwa hawakuwahi kuwepo.

Jana, nikiwa nimetoka kuzoa theluji kwa koleo, glavu bado mkononi, simu ikalia. Ilikuwa ni neno moja na alama ya kuuliza.

"Shiro?"

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na koti langu. Nililia, kwa nini nifiche. Enzi zetu sauti hiyo ilivuka ua mmoja tu, ikakukuta ukiwa na kifungua kinywa mdomoni. Leo imevuka bahari, ikapita juu ya nyumba zilizofunikwa na theluji, ikaingia jikoni kwa mwanamke ambaye mtaani kote hakuna anayejua kwamba hilo ni jina lake.

Nikavua glavu, nikaandika, "Abee." Nikaituma.

Kisha nikabaki nimekaa palepale, na abee yangu ya kukaa. Nje njia ya gari ilikuwa safi mpaka barabarani, na mimi sikuwa na pa kwenda.