Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Fundi cherehani alikuwa amechoka hoi, na bado ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikuwa amechoka kuchomwa sindano, amechoka kuulizwa hali, amechoka hata na benchi la kliniki ya utafiti, ambalo nadhani lilitengenezwa na mtu asiye na makalio. Mkewe alikaa pembeni yake, gauni limeshikwa na pini kifuani. Alfajiri mke alipotaka kifungo, fundi alilinyakua kopo la vifungo akalitia mkobani. “Nitakishona mwenyewe,” alisema. Mke akashangaa, maana mumewe huyo hakuwahi kuwa na haraka ya kushona nguo za nyumbani.

Uvimbe wa tumboni mwa fundi ulikuwa umeshazizoea dawa mbili. Hii ya tatu ilikuwa bado kwenye majaribio, imeundwa kuulenga uvimbe wenyewe. Kidonge kimoja kila siku, na kila siku alama kwenye daftari. Baada ya hapo hakuna dawa nyingine, na wote wawili walilijua hilo.

Daktari aliweka picha mezani. “Uvimbe umekua. Kwako dawa imeshindwa, mzee wangu. Leo inabidi tukutoe kwenye majaribio.”

Fundi alitazama viganja vyake. Dawa ile ilivichuna ngozi na kuvijaza malengelenge, mkasi ukawa kama kaa la moto. Kwa hiyo siku za kukata vitambaa hakumeza. Aliweka alama ya uongo daftarini, akaogopa kusema asije akafukuzwa. Kutupa dawa nako roho ilimkatalia. Akapiga moyo konde, akamimina kopo mezani.

Muuguzi aliyekuwa kando ya daktari alitenga vidonge na vifungo. Vidonge vilikuwa kumi na tisa.

“Baba,” alisema taratibu, “ungesema tungepunguza dozi. Hilo linaruhusiwa. Sasa tungeandika kwamba dawa haifai, na wagonjwa wengine wangenyimwa kwa ajili ya daftari lako.”

Fundi aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Daktari alitoka kuwapigia simu wakuu wa utafiti. Muuguzi akamfungulia daftari: kila alama ya uongo ikatwe kwa mstari mmoja, iandikwe tarehe, itiwe sahihi. Alitia sahihi kumi na tisa kwa vidole vilivyochubuka, na kalamu ilimuuma kuliko mkasi. Mkewe alikuwa akichambua vifungo polepole, hadi akakipata cha gauni lake.

Daktari alirudi. “Wamekubali ubaki. Mwezi mmoja, dozi ndogo. Kisha picha nyingine. Hapo ndipo tutajua.”

“Asante, daktari,” alisema fundi.

Nje, kwenye ngazi, mke alisimama. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

“Kila asubuhi nakuletea maji,” alisema. “Nakupa glasi, naondoka nikijua umekunywa dawa.”

“Kazi za watu zilikuwa zinasubiri, mama watoto.”

“Miaka ishirini na mbili nakuangalia ukikata. Mshono gani nisioujua?” Alimwekea kifungo kiganjani, taratibu, asimtoneshe. “Ungeniambia mikono inauma, ningekata mimi.”

Fundi alikitazama kile kifungo. Hilo halikuwa limemjia akilini hata siku moja.