Kitako Kifupi

Mume wangu ana mikono mirefu. Mashati ya dukani humwishia juu ya kifundo cha mkono, na tangu tuoane mimi ndiye humtafutia ya kumtosha. Kwa hiyo alipochagua kitako cha bunduki cha kumfaa mtu mfupi, niliona.

Hatukuwa watu wa bunduki. Mwenzake wa kazini, kule wanakowauguza wazee, ndiye aliyemwalika shambani kwa baba yake, mbele ya Eden Prairie, ambako panya wa ardhini walikuwa wametoboa malisho hadi ng'ombe akavunjika mguu. Ulengaji wenyewe ulikuwa wa kuketi: meza nzito, bunduki imelazwa juu ya vifuko vya mchanga, na panya mbali kwenye darubini. Mume wangu aliupenda kuliko kitu chochote tangu tuhamie huku ughaibuni, Brooklyn Center. Akanunua bunduki kuukuu, na kila Jumamosi akawa hapatikani hadi jioni.

Kila aliporudi alinukia mnanaa na kwenda moja kwa moja kuoga. Kitandani akaanza kunipa mgongo. Kisha akasema kitako cha bunduki kinamsumbua, anaenda kununua kingine. Nikasema tutaenda pamoja.

"Utachoka bure, Mama," akasema.

Hapo ndipo nilipovaa viatu.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kizungu, miwani ikining'inia kifuani. Alimketisha mume wangu mezani akamjaribisha vitako kimoja kimoja. Bunduki ya kupigia mezani, alieleza, haihitaji kuwa nyepesi kama ya kubebwa porini. Inataka kitako kipana upande wa chini, kisiyumbe juu ya mchanga, na kilichoinuka pale shavu linapoegemea, ili jicho liifikie darubini bila shingo kujikaza. Cha kwanza kilikuwa na yote hayo. Mume wangu akakikataa. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikuwa kifupi. Alikiegemeza begani akashusha pumzi.

"Hiki."

Mzee akamtazama, akanitazama na mimi, akamuuliza kama atakitumia mwenyewe. Mume wangu akacheka, akasema ndiyo. Mzee akaongeza haraka kwamba wengine hupenda kifupi kwa sababu mezani mtu huinamia bunduki. Mimi niliona wanaume wawili wanafichiana siri.

 Njia nzima nilikuwa nikiwapima kichwani wanawake wote wa kanisani kwetu, mkono kwa mkono, mpaka nikafika kwa mmoja anayeishi mtaa wa New Hope, mwimbaji wa kwaya, mfupi, mcheshi, asiyekosa kumsalimu mume wangu kabla yangu. Wiki nzima nilimchukia dada wa watu.

Jumamosi nikabadilishana shifti na mwenzangu wa wodini, nikaandamana na mume wangu shambani. Mwanamke hakuwapo. Alikuwapo mwenye shamba tu, aliyetukaribisha kahawa akarudi kwa ng'ombe wake. Mume wangu akaketi. Kisha, akidhani natazama malisho, akaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua na kuuweka mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto. Wagonjwa wangu hufanya hivyo.

"Baba, inua mkono."

"Wa nini tena?"

"Inua tu."

Ulifika kifuani ukakoma. Jasho likamtoka. Ndipo akanieleza kwamba miezi kadhaa nyuma alimdaka mzee aliyekuwa akianguka bafuni, na kitu kikakatika begani. Hakumwambia yeyote kazini, akihofia kuondolewa zamu. Mnanaa ulikuwa dawa ya kuchua. Kitako kirefu kilimlazimu kuunyoosha mkono kuifikia triga. Kifupi kilimwacha aukunje.

"Na mimi nesi, umenificha?"

"Ndiyo maana nimekuficha."

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, halafu hasira ikanipanda kuliko ile ya wivu. Nikamwondoa mezani nikaketi mimi. Kitako kilinikaa begani kama nimeshonewa. Nikalenga, nikapiga, vumbi likaruka mbali kabisa na panya.

Jumatatu nikampeleka hospitali. Daktari alipomaliza bega, akauliza kama kuna mahali pengine panapouma. Mume wangu akasema hakuna.

"Mwangalie na goti la kushoto," nikasema, maana tangu shambani nilikuwa nimeona anavyochechemea.

Daktari akalikunja. Mume wangu akauma meno, akatazama dirishani.