Sahani Mbili Kutoka Sagalla

Niliondoka Nairobi kwa sababu dada yangu aliniuliza swali, na katika ukoo wetu mzima ni mimi tu niliyeweza kulijibu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mwaka ule wa njaa tulipokula mahindi ya manjano. Muumini mmoja wa kanisa la dada huyo, Mkamburi, alinifuata hadi kwenye maabara nilikofanya kazi, akanipa maneno ya Mkamburi jinsi alivyotumwa: "Mghoi amekufa kwa kuhara damu. Wakesho bado anahara. Watu wanasema nimeua mtoto kwa kugawa dawa. Njoo upime, uniambie kama ni kweli."

Nyinyi wa nyumbani Mwanda kila mmoja ana toleo lake la habari hii, na mengine nimeyasikia yakanichefua. Sasa sikieni langu.

Dada yangu ameolewa Sagalla. Mghoi, kitinda mimba wake, alipoanza kuhara damu, Mkamburi alimbeba mgongoni hadi zahanati moja mjini Voi, akapewa tembe za mtoto mmoja. Aliporudi alimkuta mtoto wake mwingine, Wakesho, naye amelala chini, macho yameingia ndani. Mama gani angemtazama mmoja na kumpa mwingine? Akagawa nusu kwa nusu. Mghoi akafa. Daktari wa ile zahanati aliposikia alimkemea mbele ya foleni nzima: "Ukigawa dawa, mama, umeua." Mama mkwe wake alikuwa kwenye foleni hiyo. Tangu mazishi, mama huyo hakupokea chakula wala maji kutoka mkononi mwa dada yangu.

Alfajiri garimoshi lilinishusha Voi nikiwa na sanduku langu la sahani za kuoteshea vijidudu. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule daktari, kwa kuwa nilihitaji kabati la joto la maabara yake. Nilikwenda na hasira, nikakuta mtu aliyechoka, shati limemganda mgongoni, benchi zake zimejaa watoto.

"Pima," aliniambia. "Lakini tuseme umekuta dawa haimwezi mdudu wa huyo mtoto. Si ni dada yako amemzoesha mdudu kwa hiyo nusu dozi?"

Alisema kweli.

"Niletee choo cha mgonjwa mwingine ambaye hajameza hata tembe moja," akasema. "Hapo tutaongea."

Saa nne nilianza kupanda Sagalla kwa miguu. Bondeni jua lilikuwa likichoma mkonge na vumbi jekundu. Kule juu upepo ulikuwa baridi, lakini mashamba yalikuwa makavu vilevile. Wanawake walinipita na madebe vichwani wakitafuta maji, na katika boma baada ya boma niliona udongo mpya uliofukuliwa, wenye msalaba wa miti miwili. Nikaacha kuyahesabu makaburi, maana mengine yalikuwa mafupi sana.

Mkamburi alikuwa ameketi nje akisokota nyuzi za kikapu pajani. Hakuinuka.

"Karibu," alisema. "Umekula?"

Macho yake yalikuwa makavu. Niliketi karibu naye nikamshika mkono, akauacha mkononi mwangu kama kitu cha mtu mwingine. Ndani, Wakesho alikuwa hai, mwembamba, akinywa maji ya chumvi na sukari ambayo mama yake alimnywesha kwa kijiko tangu asubuhi hadi jioni.

"Nyanya yake naye ameshikwa," Mkamburi akaniambia. "Tembe amekataa. Anasema zimeshaua mtoto. Na maji yangu hataki."

Mume wake, Mwakio, alikuwa kibaruani kwenye mkonge, harudi hadi Jumamosi. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa akikauka katika nyumba ya pili, hatua chache kutoka kwa mtu aliyejua kumnywesha. Na ni yeye niliyemhitaji.

Mchana huo niliingia kwake. Kumwomba mama wa watu kitu kama kile si jambo jepesi, nami nilizungukazunguka, nikauliza habari za mvua, za kanisa, hadi akachoka nami.

"Sema ulichojia."

"Nyanya, naomba choo chako nikapime."

"Umepanda garimoshi kutoka Nairobi kuja kuomba mavi ya mwanamke mzee?"

"Ndiyo, Nyanya. Wewe hukumeza dawa. Mdudu wako hakufundishwa na mtu."

"Na akisema dada yako ndiye mwenye makosa?"

"Nitakuja kukuambia."

"Akisema mimi ndiye niliyemsingizia?"

"Nitakuja kukuambia vilevile. Wewe kwanza, kabla ya dada yangu."

Alifumba macho. Kisha akasema nimwitie jirani amsaidie kuinuka. Nilijaribu kumpa maji akanywa funda moja tu. Alipojua ni ya jikoni kwa Mkamburi, akageuza uso ukutani.

Kesho yake nilikuwa tena Voi, na choo cha Nyanya na cha Wakesho. Kazi ile haiharakishwi hata uwe na msiba. Siku ya kwanza unaotesha kila kilichomo na kumchagua mdudu unayemtafuta. Siku ya pili unampanda sahani nzima, juu yake unaweka vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayomweza huacha duara safi, mdudu asipoota.

Siku ya tatu nilipofungua kabati sikuhitaji darubini. Sahani ya Wakesho na sahani ya Nyanya zilikuwa sawa. Vijidudu vilikuwa vimeota hadi ukingoni mwa karatasi yenye dawa ya zahanati, vikaizingira. Karatasi moja tu ndiyo iliyoacha duara, ya dawa ya sindano iliyopatikana Mombasa tu.

Daktari aliinua sahani ya Nyanya kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu hakumeza?"

"Hata moja. Na tangu mazishi hajapokea chakula wala maji ya nyumba ile."

Akaiweka chini taratibu. "Nimewaambia akina mama wengi maneno yale," alisema. Kisha akatoka kwenda kupiga simu Mombasa.

Jioni nilifika Sagalla kwa lori la mahindi ya msaada, nikapitiliza hadi kwa Nyanya kama nilivyoahidi. Ngozi yake ukiivuta ilibaki imesimama. Nilimwambia, "Tembe hazikumuua mtoto. Hazikuweza kumponya pia. Hata Mghoi angepewa zote, zisingefanya kitu."

"Kwa nini?"

Mlangoni palining'inia uzi wa kikapu, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Nikauchukua. Nikamwambia kwamba ndani ya mdudu mna uzi kama huu, ndio unaobeba maagizo yote ya maisha yake. Ili azae ni lazima autenganishe na kutengeneza mwingine. Nikaingiza vidole katikati nikaziachanisha zile nyuzi, na mbele ya vidole uzi ukajikaza, ukajikunja mafundo.

"Achilia mwisho wake ujizungushe," alisema Nyanya.

"Hauna mwisho, Nyanya. Umeungwa kama bangili."

"Basi atakwama."

"Angekwama. Lakini ana kimeng'enya, kitu kidogo cha kumfanyia kazi, kinaitwa jairesi. Kina vipande vinne. Viwili hukata uzi na kuushika ncha mbili usipotee. Viwili vinatoa nguvu ya kupitisha sehemu nyingine ya uzi pale palipokatwa. Kisha hukiunga tena kidonda hicho, na msokoto unalegea. Tembe hizi huingia hapo hapo, uzi ukiwa umekatwa, zikazuia kuungwa. Mdudu anabaki na uzi vipandevipande, anakufa."

"Na huyu wetu?"

"Wetu kile kipande cha kukatia kimebadilika padogo sana. Dawa haipati pa kushika. Kinakata na kuunga kama kawaida. Na alikuja hivyo hivyo, hakufunzwa na dada yangu."

Alisema kwa sauti iliyokauka, "Mwite mke wa mwanangu. Aje na maji."

Mkamburi alikuja na kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Nyanya hakuomba msamaha. Aliweka mikono yake miwili juu ya mkono wa dada yangu uliokishika kikombe, akanywa hadi mwisho, akaomba kingine.

Nilimtoa dada yangu nje nikamrudia yote.

"Kwa hivyo ningempa zote angekufa tu?"

"Angekufa tu."

Nilitarajia ashushe pumzi. Alitembea hadi kaburini kwa Mghoi, akaketi chini kwenye udongo.

"Sijamlilia mwanangu," alisema. "Toka azikwe nimekuwa nikijitetea tu."

Ndipo akaanza. Majirani walitoka nyumbani mwao wakidhani Nyanya amekata roho.

Nyanya alikata roho kabla sindano hazijafika kutoka Mombasa. Siku zile zote alinyweshwa na Mkamburi, na Mkamburi ndiye aliyemwosha kabla ya kuzikwa. Wakesho alipona.

Nilirudi Nairobi na sanduku tupu. Chuoni nilikuwa nimekisifu kile kimeng'enya kwenye mtihani, jinsi kinavyokata na kuunga bila kupoteza kitu, nikapata alama nzuri. Sasa nikikifundisha huanza na mtoto aliyezikwa Sagalla, kisha ndipo nichore uzi. Nanyi wa Mwanda, mkimwona Mkamburi sokoni, msimwulize habari za tembe. Mwulizeni habari za Mghoi.