Kitufe cha Baba

Kiwanda alichofanyia kazi baba kilipopata mwenyewe mpya, baba alipunguzwa kazini, na mwaka haukuisha kiharusi kikampiga. Sauti ikaenda, mkono wa kulia ukaenda. Vilibaki vidole viwili vya kushoto, navyo dhaifu. Tulichokiogopa ni kupaliwa. Akilala chali, mate yakapita njia mbaya, asipogeuzwa upesi tunampoteza. Daktari alitwambia hivyo bila kuzunguka.

Mimi nilikuwa fundi redio niliyeishia darasa la saba, kibanda changu mbele ya nyumba yetu Ilemela. Nilimfungia kengele ya mlangoni, lakini kitufe chake kilivishinda vidole vile. Ndipo nikakumbuka kompyuta ya kubeba, ya zamani, nzito kama tofali, ambayo mteja aliiacha nilipomwambia imeungua kabisa. Kila kitufe chake kilikuwa na swichi na springi yake. Ukikigusa tu kinazama na kusema tak, kama njiti inayovunjika. Nikang'oa kile kirefu cha chini, nikakipigilia kwenye ubao, nikaunga waya hadi kwenye kengele na betri za tochi.

"Sasa baba yako anakuwa karani?" shangazi akacheka. Yeye, dada wa baba, ndiye aliyeshinda naye mchana.

"Cheka tu, shangazi. Hizi nitawauzia wagonjwa wa Mwanza nzima, tule pilau kila siku."

"Anza na mchele."

Baba akabonyeza. Kengele ikalia. Upande mmoja wa mdomo wake ukatabasamu, nikageukia dirishani kufuta macho.

Kupitia dirisha hilohilo, siku nyingine, niliona ziwa linatoa moshi. Sisi wa huku tunaujua: nguzo nyeusi inasimama juu ya maji, kumbe ni wadudu, wadogo kuliko mbu. Upepo ukigeuka, wanajaa kwenye chai, masikioni, kila penye tundu. Nikafunga dirisha, nikaenda kumpelekea mtu redio yake.

Niliporudi, sebuleni kitu kilikuwa kinakoroma kama chura. Shangazi alikuwa ameiviringishia kengele kitenge.

"Imekataa kunyamaza, mwanangu. Nimekuja, mgonjwa hana neno, yenyewe inalia tu. Nimeifunika."

Wadudu walikuwa wamejisokota chini ya kitufe, kikabonyea kisirudi. Nikakisafisha kwa brashi na spiriti mpaka kikaruka vizuri. Lakini betri zilikuwa zimekwisha. Nikakimbilia dukani bila kumwambia shangazi, duka limefungwa, mwenyewe amewakimbia wadudu. Nikarudi mikono mitupu, uso nimeufunga shati, mchana umekuwa kama jioni.

Mlangoni nikasikia tak. Kimya. Tak, tak.

Baba alikuwa amegeuka rangi. Wadudu wamemjaa midomoni, vidole viwili vinakipiga kile kitufe, na kengele haisemi kitu. Nikamgeuza ubavu, nikamtoa uchafu kinywani kwa kidole. Akakohoa. Pumzi ikarudi, nyembamba.

Shangazi akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Hukusikia?"

"Nilikuwa nasikilizia kengele," akasema, akakaa chini palepale.

Betri nilinunua kesho yake, ila meza yangu ya ufundi niliihamishia kando ya kitanda. Redio za watu nikawa nazijaribia nje, kwa sauti ndogo, nisije nikaikosa ile tak. Na nguzo nyeusi ikisimama ziwani, nazima kila kitu. Baba ananitazama, kidole juu ya kitufe, namtazama. Tunasikiliza upepo unakoelekea.