Paa Langu Lililonyooka

Enzi za Mwingereza, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Dodoma, baba alinipa pembe ya ua walimolala mbuzi nijenge karakana ya useremala. Sharti lilikuwa moja: "Mvua ya kwanza paa likivuja, mbuzi wangu wanarudi kwao."

Useremala nilijifunza mwenyewe, kwa kumchungulia dirishani fundi mmoja Singasinga mpaka akanifukuza. Nilichoambulia pale ni kupima tu. Basi nikapima kila kitu. Dada zangu walikokota mbao za masanduku ya chai yaliyotupwa nyuma ya duka la Mhindi. Mimi nikawarudisha na zile zilizopinda. Misumari yenye kutu niliinyoosha mmoja mmoja, wiki nzima.

"Ukishazama kwenye ubao, nani atauona?" dada mkubwa aliuliza.

"Mimi nitajua."

"Haya, kamuoe msumari wako."

Paa lilikuwa kama la nyumba yetu ya tembe: miti, fito, udongo juu. Mama na dada wakitandaza udongo, mimi nilitambaa nyuma yao na chupa ya dawa niliyoijaza maji, nikabakiza kiputo kimoja cha hewa cha kupimia usawa. Kiputo kisipotulia katikati, nawaambia wabandue.

"Huku nyuma pateremke kidogo," mama alisema.

"Patakuwa pamepinda, mama."

"Na maji yapite wapi?"

Nikamwonyesha kiputo. Mama, aliyekuwa akiezeka kabla sijazaliwa, alikitazama, akanawa mikono, akaenda zake.

Mvua ikaja alasiri. Maji yalituama juu ya paa kama uji kwenye sahani, hayakujua pa kwenda. Tone la kwanza lilipiga meza yangu mpya. Nikakinga kwa debe, kisha debe la pili, kisha kofia yangu. Nikasikia milio ya mbuzi.

"Hodi," alisema baba, na beberu ameshaingia.

Mama alitupita na jembe, akapanda juu ya paa. Nilitoka mbio kumsihi asiniharibie ukingo wa paa. Nikafika chini yake sawasawa alipouchimba. Maji yote yakanishukia mimi, na udongo wake.

Ndani, matone yakapungua, yakakoma. Baba alitazama juu, kisha akamshika beberu pembe na kumtoa.

Karakana ikabaki yangu. Lakini mtu akija kumwulizia fundi, baba humwelekeza jikoni.