Alama za Kucha Kwenye Mti wa Chipoya

Chipoya alikutwa amekufa chini ya mti wenye mizinga yake, na kwenye shina kulikuwa na alama za kucha zilizopanda mpaka tawini.

Mimi siamini uchawi. Nalisema hili mapema ili tusipotezeane muda kwenye maoni.

Huku kwetu kando ya mto Kabompo, warina asali huanguka mitini. Ndiyo kazi yenyewe. Lakini Kanema, mdogo wa marehemu, alisimama pale msibani akamkazia macho shangazi yangu, Nyakatoma.

"Huyu mama walitukanana na kaka juzi tu. Kama mnyama katumwa, nyumba alikotoka tunaijua."

Mwanamke anayesemwa hivyo hapelekwi kwa hakimu. Huchomewa nyumba.

Shangazi ndiye aliyenilea. Nikamfuata Samuzala, msasi aliyezeekea porini. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: mnyama akitajwa kwa jina lake, habari za kutumwa zitakufa zenyewe.

Asubuhi Samuzala alilipapasa lile shina mbele ya kijiji kizima. Chui hupanda kwa miruko, na kucha zake huchoma kama ndoana. Huacha mikwaruzo myembamba yenye kina. Hii ilikuwa mipana, mirefu, mitano mitano, gome limebambuliwa, na juu mzinga umepasuliwa.

"Mzee, acha longolongo," mtu akasema. "Taja mnyama."

Akanivuta pembeni kwanza.

"Mwanangu, nikisema chui, utaniona mwongo?"

"Kwani ni chui?"

"Sijakuuliza hilo."

"Sema ulichokiona, mzee. Ukweli ndio utakaomwokoa shangazi."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejijua. Akarudi kwa watu.

"Ni nyegere. Alifuata asali. Marehemu alimkuta juu, akashtuka, akaanguka. Basi."

Nikamgeukia Kanema. "Umesikia? Ni mla asali tu."

"Tumesikia, ndugu yangu," akajibu kwa upole. "Nyegere tumemkubali. Sasa tuambiwe nani kamtuma."

Hakuna aliyeshangaa ila mimi. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka, na hawakuelekea makaburini.

"Chui ni mnyama wa chifu," Samuzala akaninong'oneza. "Ukisema katumwa, umemshtaki chifu. Wangefyata mikia, wakazika, wakaenda zao. Nyegere hana mwenyewe. Unambandikia umtakaye."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Nilikimbia. Walinitangulia.

Walimkuta shangazi anamenya mihogo. Aliomba aingie ndani kuchukua blanketi. Wakamruhusu, kisha wakaufunga mlango kwa nje.

Wewe unayejiandaa kuwapelekea watu ukweli, waulize kwanza wanautakia nini. Mimi niliwapelekea uliothibitishwa, nao wakaupokea wote, hawakupinga hata neno moja.