Upepo wa Tano

Oebele alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na minane, katika vijiji vya Frislandi, Uholanzi, vilivyojibanza nyuma ya tuta la bahari, na katika miaka yote hiyo upepo ulimrudisha nyumbani mara mbili tu. Mara ya kwanza ulimtupa mtaroni, yeye na mfuko wake wa barua. Mara ya pili uling'oa paa la zizi la jirani ukalipitisha mbele ya uso wake, naye akaona si adabu kubishana.

Hata alipostaafu, watu waliendelea kumuuliza yeye. Redio ilitaja nguvu ya upepo kwa namba, wa nne, wa tano, hadi wa kumi na mbili, lakini redio haikai kijijini. Asubuhi zenye kelele za upepo, wazazi ambao watoto wao walisoma mjini, kilomita kumi na moja kwa baiskeli kando ya tuta, walimpigia simu alfajiri.

"Oebele, leo vipi?"

"Ngoja."

Alivaa viatu vyake vya mbao akaenda hadi mferejini, nyuma ya nyumba, kuyatazama matete. Matete yakiinama na kuinuka, nenda. Yakiinama yasiinuke, kaa. Alitazama na shakwe pia, maana shakwe anayetembea shambani kwa miguu kama kuku amekwisha kukata shauri asiruke.

"Waende. Kurudi watasukumwa bure."

"Mwanangu Jildau anasema atakufa njiani."

"Mwambie nimepeleka barua za tanzia nyingi, na sijaona hata moja ya mtu aliyeuawa na upepo wa tano."

Oebele alikuwa na mdogo wake mmoja, Sytse, aliyekaa kijiji cha magharibi, mwendo wa saa nzima. Tangu ujana wao walitembeleana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa zamu, kwa baiskeli. Aliyekuwa na zamu hakuuliza hali ya hewa. Alifika tu, masikio mekundu, akadai kahawa.

Mwezi wa Aprili ilikuwa zamu ya Sytse, naye akaja na baiskeli ya umeme. Waliketi mkahawani, kijiji kizima kikisikia.

"Jamani, tazameni!" alisema Oebele. "Mdogo wangu kanunua upepo dukani! Wanaupima kwa kilo au kwa lita?"

Watu walicheka. Sytse naye alicheka kidogo.

"Kaka, una mdomo wewe."

"Nawe una mota!"

Kicheko kikazidi. Sytse alimalizia kahawa yake akiwa amesimama.

Mwezi wa Mei ilikuwa zamu ya Oebele, na hakwenda. Alisema moyoni kwamba aliyenuna ndiye apige simu. Juni ikapita, Julai ikapita, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze. Ijumaa moja ya Septemba simu ikalia.

"Kaka, kesho njoo. Nina neno."

"Neno gani? Si uliseme."

"Si la kwenye simu. Njoo tu."

Asubuhi Oebele alikwenda mferejini. Upepo ulikuwa wa magharibi, wa usoni, wa tano. Matete yaliinama, yakainuka. Shakwe walikuwa juu. Alikuwa amewaruhusu watoto wa watu waende katika upepo mkali kuliko ule. Lakini alijiona akifika kwa Sytse, akaiona ile baiskeli imeegemezwa ukutani ikimngoja aombe radhi. Neno la kuomba radhi ni fupi, ila yeye, aliyebeba maneno ya watu wote, lake hilo hakuwahi kulibeba. Akarudi ndani, akainua simu.

"Sytse, leo siji. Upepo mkali."



"Upepo?"

"Upepo."

"Umekushinda wewe?"

"Nina miaka sabini na sita, bwana."

"Haya, kaka. Ukitulia, basi."

Jumapili jioni ulitulia. Oebele alisema atakwenda Jumamosi ijayo. Jumatatu Sytse aliingia hospitali kupasuliwa moyo. Jumatano alikuwa amekufa.

Siku ya maziko hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha utepe wa shada, na watu walisifu jambo hilo kana kwamba ni zawadi.

Wiki mbili baadaye Oebele alikwenda kumwona Froukje, mjane wa nduguye. Froukje alimmiminia kahawa, akamkatia mkate wa sukari, akaupaka siagi bila kuuliza.

"Ile baiskeli," alisema Froukje, "daktari ndiye aliyemwambia ainunue. Moyo ulikuwa dhaifu, asikanyage pedali kwa nguvu. Aliona haya kukueleza mbele za watu."

"Na lile neno lake?"

"Alitaka umsindikize hospitali. Mimi hakutaka, alisema nitalia." Alisogeza sahani. "Siku ile alikaa dirishani asubuhi yote, hata baada ya simu yako. Alisema, ukibadili nia utatokea upande wa tuta."

"Alikasirika?"

"Akasirike nini, shemeji! Alikuhurumia. 'Maskini Oebele,' alisema, 'kumbe na yeye. Nami nilidhani nimezeeka peke yangu.' Ukimya ule wa miezi yote akausamehe hapo hapo. Alidhani ulikuwa unaficha udhaifu, kama yeye."

Oebele alirudisha kipande cha mkate sahanini. Angeweza kunyamaza. Nduguye alikufa akiwa na picha ya kaka mnyonge, na picha ile ilimpa faraja. Aliweka kikombe chini.

"Froukje, upepo ule ulikuwa wa tano. Ningeweza kuja."

Froukje hakuinua macho. Alikusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa kiganja, taratibu, mpaka meza ikawa safi.

"Najua," alisema. "Siku ile nilianika mashuka uani. Hata kibanio kimoja hakikuchomoka."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."